Picha ya Laini

Kavindu alikuwa mtu wa kukataa, na alilipwa kwa hilo. Katika kiwanda kimoja cha juisi mjini Thika, yeye ndiye aliyesimama mwisho wa mkanda akinusa, akionja na kusema hii hapana, hii rudisheni, hii ni nani aliyeileta. Miaka ya kukataa mananasi ya watu ilikuwa imempa mdomo wa kubana na sifa kwamba hadanganyiki. Kwa hiyo habari ilipoenea kwamba anatafuta droni ya kupigia picha, waliomfahamu hawakumwonea huruma yeye. Walimwonea huruma muuzaji.

Sababu ya kuitafuta ilikuwa mama yake. Kaveke alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, na tangu hapo akawa anaishi kwa bintiye huko Membley, kwenye kiti kilichowekwa mahali ambapo angeweza kuona mlango, dirisha na televisheni bila kugeuza shingo. Ujana wake wote aliumaliza kwenye shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, akichuma, na utu uzima pia, mpaka mgongo ulipokataa. Sasa shamba lilikuwa limeuzwa. Wanawake wa kanisa waliokuja kumsalimia walisema matrekta yameanza kung'oa kahawa upande wa mto, na langoni pamesimamishwa bango lenye picha ya nyumba mpya na nyasi za kijani ambacho Mungu hajawahi kukiumba. Kaveke aliwasikiliza, akawaaga vizuri, kisha akanyamaza hadi chai ya jioni.

"Mwaitu," alimwambia bintiye. Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba, na wawili hao waliitana hivyo hivyo wote, kwa kuwa Kavindu alipewa jina la mama mzazi wa Kaveke. Mgeni akiketi sebuleni kwao hangejua nani amemzaa nani. "Mwaitu, kabla hawajaimaliza, nataka laini ionekane. Mara moja tu."

Hakusema zaidi, na Kavindu hakuuliza zaidi. Kosa lilianzia hapo.

Kavindu hakukulia shambani. Alipelekwa Yatta kwa nyanya yake, mama wa baba, akiwa hata kutembea hajajua vizuri, na laini aliijua kwa hadithi ambazo mama yake alikuja nazo kila Krismasi. Katika hadithi hizo laini ilikuwa mstari wa mikahawa ambao nyapara humgawia mchumaji asubuhi. Laini yangu ilikuwa ndefu. Laini yangu ilikuwa na siafu. Laini ya fulani ilikuwa fupi kwa sababu alikuwa akimchekea nyapara. "Mimi kahawa naijua kama chawa anavyojua kichwa," Kaveke alizoea kusema. "Nimeona nywele tu. Kichwa chenyewe sijawahi kukiona."

Basi Kavindu akaamua kwamba mama yake atakiona hicho kichwa, chote, kutoka juu, na akiamua jambo, Kavindu, ni afadhali umpishe.

Kesho yake alifika kwenye lango la shamba na kamera yake shingoni. Aliyempokea alikuwa msimamizi wa ujenzi, Ketan, mzaliwa wa Thika, mtu wa makamo mwenye kofia ya plastiki na viatu vilivyosahau rangi yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi na picha hatuna ugomvi," alisema. "Lakini ndani haingii mtu. Kuna mitaro, kuna trekta, kuna kuta zinangoja tu mtu apite ndio zianguke. Ukivunjika mguu ni mimi nitaulizwa." Aliitazama kamera, akatazama mawingu. "Kama ungekuwa na zile za kuruka, ungesimama tu hapa kwa gate. Juu nakuruhusu. Chini, hapana."

"Mtafika upande huu lini?"

"Wiki ijayo. Jumatatu tunaanza kuangusha."

Mvua ilikuwa imenyesha siku chache nyuma baada ya kiangazi kirefu, na mtoto wa mchuma kahawa anajua maana yake. Mikahawa ikinyeshewa hivyo hutoa maua yote kwa mkupuo, shamba zima likawa jeupe, na baada ya siku chache maua hugeuka rangi ya chai na kuanguka. Maua yalikuwa karibu kufunguka na trekta lilikuwa njiani. Karatasi za kumruhusu kurusha, Kavindu alikuwa nazo. Yeye na wenzake wa kikundi cha wapiga picha cha Thika walikuwa wameenda darasani na kufaulu. Alichokosa ni chombo chenyewe, kwa sababu ya ile tabia yake. Kwa muda mrefu alikuwa amekataa kila droni aliyoonyeshwa.

Alikiuliza kikundi kwenye simu, na hilo lilikuwa kosa la pili. Kikundi kiligawanyika kama waumini waliokosana juu ya mchungaji. Simran, aliyekuwa na duka la vitambaa na jicho zuri kuliko wote, aliandika kwamba droni ni kamera kwanza na ndege baadaye, kwa hiyo tafuta kamera kubwa. Ronny akajibu kwamba ukubwa ni majivuno, ndogo ndiyo utakayoibeba kila siku. Wakabishana juu ya betri, juu ya upepo, juu ya mwanga wa alfajiri, mpaka mtu mmoja akatuma picha ya mtoto wake akihitimu shule ya chekechea ili kuleta amani. Kavindu alizima simu akaenda Thika dukani.

Njau, mwenye duka, aliziweka mbili juu ya kaunta. Katika kinywa cha Njau, r na l waliishi kama majirani wanaoazimana sufuria.

"Hii ndio yenyewe, madam," alisema, akiishika ile kubwa ya kijivu. "Kamela kubwa, lenzi mbili, upepo haijui ni nini. Na iko na macho pande zote. Ukijaribu kuigongesha ukuta, inakataa."

"Inakataa?"

"Inakataa kabisa. Inasimama."

Kavindu aliipenda papo hapo, akaificha furaha yake. Ile ya pili ilikuwa ndogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, mapanga yake yamezungushiwa vikapu vya plastiki kama feni ya mezani. Njau aliiwasha, ikalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

"Hii ni ya kujipiga ukitembea na marafiki. Ikigonga kitu haiumii. Lakini kamela yake, siwezi kukudanganya, ni ya kawaida."

"Nataka picha ya laini," alisema Kavindu.

"Usijali, madam. Zote zinatoa picha laini. Laini kama siagi."

"Sio laini hiyo. Laini za kahawa."

"Aaa, laini hizo," alisema Njau, na wote wawili wakaamini wameelewana.

Walizijaribu kwenye uwanja mmoja huko Kamenu, alasiri, upepo ukiwa umeamka. Kavindu alikuwa ameshazipa majina. Ile kubwa, Kipanga, ilipaa ikasimama hewani bila kutikisika, kama imetundikwa kwenye msumari. Ile ndogo, Chiriku, ilipanda kidogo, ikachukuliwa na upepo, ikaenda kombo hadi kwenye kamba ya nguo za watu, na Njau ikabidi aikimbilie. Kavindu alifungua tarakilishi yake pale pale kwenye boneti ya gari akazikuza picha za mti ule ule. Za Kipanga ungeweza kuhesabu jani moja moja. Za Chiriku, majani yalikuwa uji.

"Huu ni uji," alisema, kwa sauti ile ile ya mananasi, na Chiriku akarudishwa kwenye sanduku. Njau alimwandikia risiti chini ya kibao kilichosema Mali Ikiuzwa Hairudishwi.

Maua yalifunguka katikati ya wiki. Kavindu aliomba ruhusa kazini, akasimama kwenye lango la Ketan jua likiwa limetoka tu, akamrusha Kipanga. Harufu ilikuwa imejaa hewani, tamu, karibu ya asmini. Kwenye skrini shamba lilijikunjua polepole, na halikuwa shamba tena. Lilikuwa nguo nyeupe iliyotandazwa juu ya vilima, mistari yake imenyooka, ikipinda pamoja pale ardhi ilipopinda. Upande wa mto palikuwa na udongo mwekundu uliochimbuliwa, lakini alimgeuza Kipanga asiuone. Alijikuta analia, na hakujali kwamba Ketan anamwona. Mama yake alikuwa ameinama ndani ya uzuri ule maisha yake yote bila kuuona.

Macho ya Kaveke, kama ya wazee wengi, yalikuwa mazuri kwa mbali na mabaya kwa karibu, kwa hiyo mambo ya kumshikisha simu hayakufaa. Jioni Kavindu aliichomeka kadi kwenye televisheni. Juu ya televisheni ilining'inia picha yake ya kwanza, ile aliyoipiga siku aliponunua kamera ya kwanza: boma la mbuzi la nyanya yake huko Yatta. Mbele ya boma hilo ndipo kitovu chake kilipozikwa. Nyanya alimwonyesha mahali penyewe kwa fimbo akiwa mdogo, akamwambia mtu ni wa pale kitovu chake kilipo, na Kavindu akapiga picha, akaitia fremu. Ilikuwa picha mbaya, mwanga umekaa vibaya, na ndiyo pekee ambayo hakuwahi kuikataa.

Kaveke aliitazama filamu ya maua. Mara moja tu mkono wake ulienda mbele, vidole vikafanya kama vinachuma.

"Ni nzuri," alisema ilipoisha. "Kumbe ilikuwa nzuri hivi." Akachungulia skrini tena. "Na laini iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, Mwaitu. Laini zote, kutoka barabarani mpaka mtoni."

"Hizo ni laini za kahawa. Mimi nilisema laini. Laini ya watu."

Kavindu alielewa polepole na kwa maumivu. Laini ya watu: ile safu ya vyumba vya wafanyakazi, chumba kimoja kwa kila familia, paa moja refu la mabati, milango yote ikitazama upande mmoja. Mama yake hakuwahi kuisimulia. Krismasi alisimulia siafu na nyapara.

"Mbona hukusema nyumba?"

"Nani aliwahi kuziita nyumba?" alisema Kaveke.

Kavindu alirudia filamu yote akiwa amesimama karibu na skrini. Karibu na mwisho, kwenye kona, kulikuwa na kundi la miti mirefu ya kivuli, na katikati ya majani kipande cha bati lenye kutu. Alikuwa amepita juu yake bila kusimama. Alijionea aibu, na aibu kwa Kavindu hugeuka hasira haraka, na hasira hugeuka kazi.

"Nitarudi," alisema.

"Ukirudi, pita mbele ya milango yote," alisema Kaveke. "Halafu zunguka nyuma. Nyuma usisahau."

Alirudi kesho yake asubuhi. Kipanga alipaa vizuri, akafika juu ya miti, akateremshwa, na hapo akasimama. Mlio ukatoka, maandishi mekundu yakaja: kizuizi mbele. Kavindu alimleta upande mwingine. Kizuizi. Akajaribu kumwingiza chini kutoka upande wa milango, pale matawi yalipoinama mpaka karibu na ukuta. Kizuizi. Mtu wa kukataa alikuwa amekutana na mwenziwe. Mwishowe aliyazima macho yote ya Kipanga, akamsukuma kwa mkono, na kabla hajafika mbali panga moja likakata jani na ndege ikayumba. Aliirudisha ikiwa nzima. Ndege ile ilikuwa bora kwa kila kipimo alichokuwa amekipima, na alikuwa amepima kila kitu isipokuwa anachotaka kukiona.

Alitoka langoni akaenda moja kwa moja Thika.

"Njau, nimekuja kubadilisha."

Njau alinyoosha kidole juu kwenye kibao bila kuinua macho. "Soma hapo, madam."

"Nimesoma. Huyu ameruka kidogo sana, hana hata mkwaruzo. Nataka ile ndogo."

Sasa macho yaliinuka. "Ile ndogo? Si ni wewe ulisema ni uji?"

"Nilisema. Na bado ni uji. Nautaka huo uji."

"Utapoteza, lakini. Siwezi kuichukua hii kwa bei ya mpya."

"Nipoteze."

Njau alimtazama kwa muda. Alikuwa ameshamzoea mteja anayerudisha kitu kwa kelele, lakini huyu alikuwa ametulia, ameweka sanduku kaunta na mikono juu yake, na ilionekana wazi kwamba duka likifungwa atafungiwa ndani. "Kwani kuna nini nyumbani?" aliuliza.

"Kuna mama."

Njau alimtoa Chiriku kwenye kabati, na badala ya kumfunga akamwongoza Kavindu hadi kwenye korido ndefu kati ya maduka, pale fundi wa nguo na muuza viatu walipokaa. "Hii haikatai kitu," alisema. "Haina macho. Macho ni wewe. Usiangalie ndege, angalia skrini. Enda polepole kama mtu anabeba chai." Kavindu alimpitisha Chiriku kwenye korido, akagonga mlango, akagonga kiti, akamgonga muuza viatu begani, akaomba msamaha, akaanza tena. Vile vikapu vya plastiki vilikuwa na maana sasa. Kila vilipogonga kitu, Chiriku alidunda na kuendelea.

Usiku ule na siku iliyofuata alifanyia mazoezi sebuleni, akizunguka meza, akipita chini ya pazia, akipita nyuma ya kiti cha mama yake.

"Sasa mimi nitulie au nikimbie?" aliuliza Kaveke, na nyonga yake ile.

"Tulia, Mwaitu."

Jumamosi kulikuwa na upepo. Kipanga angeupuuza. Chiriku, Kavindu alijua, angepeperushwa kabla ya kufika nusu ya njia. Alimwendea Ketan akamweleza kwamba langoni ni mbali mno kwa huyu mdogo, na kwamba anaomba kusimama nje ya ua, kwenye kona iliyo karibu na laini.

"Kwani ni laini ndio unataka?" aliuliza Ketan. "Watu wote huja kupiga maua."

"Nilikosea."

Ketan alikuna kidevu chini ya mkanda wa kofia, kisha akatembea mbele yake kando ya ua wa mabati hadi kwenye kona. "Hapa ni nje," alisema, kana kwamba anamjibu mtu asiyekuwepo. "Nje si ndani."

Chiriku alipaa juu ya ua, upepo ukamdaka mara moja, ukamsukuma kuelekea barabarani. Kavindu alimgeuza akamlazimisha arudi, Chiriku akateleza kando kando, akakosa shina la mti kwa upana wa mkono. Alipoingia chini ya matawi upepo ukaisha. Ndani ya kivuli kulikuwa kumetulia kama chumbani, na kwenye skrini, mbele yake, mlango wa kwanza.

Alienda polepole, kama mtu anayebeba chai. Milango ilikuwa ya samawati iliyochujuka, mingine imefungwa kwa waya, mingine haipo. Juu ya kizingiti kulikuwa na nambari zilizopakwa kwa brashi. Kwenye ukuta mmoja mtoto alikuwa amefanya hesabu kwa makaa, na alikuwa amekosea. Palikuwa na sufuria isiyo na kitako, kiatu, jiko lililopasuka. Picha zilikuwa uji kidogo, ni kweli, na Kavindu hakujali. Alipita kila mlango. Alipofika wa mwisho, mashine ikaanza kulia kuomba irudishwe, betri inaisha.

"Rudisha," alisema Ketan, aliyekuwa amemsogelea akatazama skrini bila kualikwa. "Itaanguka huko, na mimi siwezi kukuruhusu kuifuata."

"Nyuma bado."

"Dada."

"Aliniambia nyuma nisisahau."

Akamzungusha Chiriku kwenye pembe ya jengo. Nyuma kulikuwa na mfereji wa maji uliokauka, choo kisicho na paa, na nyuma ya chumba cha mwisho, mahali ambapo jua lilipata upenyo, mlimau. Ulikuwa umezaa vibaya sana, yaani kwa wingi usio na mchumaji, malimau ya manjano yamejaa juu na mengine yameoza chini, na kati ya yale yaliyooza miche midogo imechipuka. Kavindu aliuzunguka mara moja. Kisha akamvuta Chiriku juu, nje ya majani, ndani ya upepo, mlio ukiwa sasa ni mmoja usiokatika. Chiriku alifika kwenye ua wa mabati. Hakuuvuka. Alianguka kwenye upupu, upande wa ndani, hatua chache tu kutoka walipokuwa.

Walitazamana.

"Chini hapana," alisema Ketan, akavaa glavu, akapita kwenye pengo la ua, akaenda mwenyewe akarudi naye, akijikuna shingo.

Mchana ule ule Kavindu aliwasha televisheni. Kaveke alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani kichwani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Milango ilipoanza kupita alianza kutaja majina kwa sauti ndogo, jina kwa kila mlango, wengine akawacheka, mmoja akamsonya. Mlango wa mwisho ulipokuja hakutaja jina. Alisubiri pembe igeuzwe.

"Simamisha hapo."

Mlimau ulijaa kwenye skrini.

"Umezeeka," Kaveke aliuambia mti. Kisha akainua mkongojo, akaelekeza. "Unaona pale chini, upande wa ukuta? Kitovu chako kiko hapo."

Kavindu alicheka kidogo, akitazama juu, kwenye fremu. "Kitovu changu kiko Yatta, Mwaitu."

"Yatta kuna utumbo wa mbuzi."

 Nje, jirani alikuwa akiosha gari.

"Mama mkwe alituma watu," Kaveke alisema. "Kitovu kiletwe nyumbani, kizikwe kwenye ardhi ya ukoo. Nikajiuliza, ukoo ulikuwa wapi? Huyu nimemzaa kwenye laini, wenye vyumba vya jirani wakinishika mikono. Siku chache baadaye nilikuwa kwa kahawa, yuko mgongoni. Lile shamba halikuwa na hata kijiko cha udongo wangu. Kitu changu cha kupanda kilikuwa hicho kimoja tu. Nikakipanda, na juu yake nikaweka mbegu ya limau. Mama mkwe nikamtumia kipande cha utumbo kilichokauka, nimekifunga kwa kitambaa safi. Akakizika kwa maombi." Midomo yake ilitetemeka, na ilikuwa kicheko. "Akaja kukuonyesha kwa fimbo."

Kavindu alikaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Alikuwa amelijua boma lile kama jina lake. Alitaka kukasirika, na alitafuta hasira akaikosa. Alichokipata kilikuwa mwanamke kijana, mgongo bado mzima, anachimba nyuma ya chumba cha mwisho huku akiangalia asionwe na mtu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ukiwa mdogo ungemwambia nyanyako. Ukiwa mkubwa, ulishakitundika ukutani."

Kavindu aliushika mkono wa mama yake, ule wa kuchuma. "Sawa. Angalau umeiona laini kabla haijaanguka. Ulichotaka umekipata."

"Mimi?" Kaveke alimgeukia, kwa taabu, na nyonga ikamuuma. "Mimi laini nimeiona mpaka macho yakachoka. Sikusema niione, Mwaitu. Nilisema ionekane. Ni wewe ulikuwa hujaiona."

Kavindu alitazama mlimau ule mpaka skrini ikajizima yenyewe. Kisha akainuka, akachukua ufunguo wa gari kwenye msumari.

"Unaona?" Kaveke alisema. "Ndio maana sikukwambia mapema. Ungekuwa umeshauruka ule ua wao."

"Jumatatu wanaangusha. Ule mti una miche chini yake."

"Niliiona."

"Ketan atasema chini hapana."

"Atasema. Na wewe huko kiwandani wanakulipa kwa kazi gani?"

"Kukataa."

"Basi kataa."

Kavindu aliingia stoo, akatoka na jembe kubwa begani na gunia mkononi, akaelekea mlangoni. Mama yake, kutoka kwenye kile kiti ambacho kiliona kila kitu, alitikisa kichwa.

"Sio hiyo, Mwaitu. Hiyo itakata mizizi. Chukua ile ndogo."